Chanjo Mgongoni, Ganzi Vidoleni

Wiki mbili baada ya mimi kustaafu, Neema alikuja kunitembelea nyumbani kwangu Lituhi. Neema ndiye muuguzi kijana niliyemkabidhi funguo za jokofu la chanjo, nami nilidhani amenikumbuka tu. Akaniamkia, akakaa, akamaliza kikombe cha chai, kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

"Mama, nikifika kwenye kliniki ya mkoba nakuta hivi vidole viwili vya pembeni vimekufa ganzi. Hata kushika sindano ni shida. Nimeze vitamini gani?"

"Meza spana," nikamwambia.

Alicheka kwa adabu, namna vijana wanavyocheka mtu mzima anapoanza kupoteza mwelekeo. Nikaona ni heri niandike, maana kwa mdomo ningefika katikati na chai ingekwisha. Nawaandikia ninyi wauguzi mnaowafuata watu vitongojini kwao na chanjo kwa baiskeli. Habari za vyeo vyangu na mishahara muulizeni afisa utumishi, yeye ndiye mwenye faili. Mimi nina habari za vidole.

Naitwa Zuhura, mtu wa Manyoni. Kwetu nchi ni tambarare. Ukipanda juu ya kichuguu unaona mpaka kesho. Nilipopangiwa kazi Mbinga, kwenye zahanati moja ya upande wa Namswea, nilishuka kwenye lori la kahawa nikatazama juu, nikatazama chini, nikauliza watu wanaishi wapi. Nikaonyeshwa. Walikuwa wanaishi juu na chini. Kila mteremko ulikuwa umechimbwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji ya mvua yasikimbie na udongo, na kati ya ngoro na kahawa kulikuwa na njia ambazo mbuzi wenyewe walizipita kwa tahadhari.

Siku ile ile ya kwanza mhudumu wa zahanati, Mzee Kapinga, alinikabidhi baiskeli.

"Hii ni ya serikali, Nesi," akasema, "kwa hiyo ina breki moja."

Kisha akachukua spana, akainamisha pua ya siti kuelekea mbele. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba huku kwao ukipanda mlima na siti imelala sawa utateleza nyuma mpaka ukae kwenye keria. Siti lazima iinamie mlima. Nilimwamini, na kwa Namswea alikuwa amesema kweli kabisa. Ninawaomba muikumbuke hiyo siti, maana mimi niliisahau kwa miaka tisa.

Mwezi wa kwanza nilifunga kisanduku cha chanjo kwenye keria, kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Nilipofika na kufungua, nikakuta barafu, maji na vigae. Vichupa vitatu vilikuwa vimevunjika kwa mitikisiko ya njia. Nilisimama pale mbele ya akina mama na watoto wao nikiwa sina cha kuwapa, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikiwa narudi nikajiuliza: hivi hawa akina mama wanapita njia hizi hizi na kitu cha thamani kuliko vichupa vyangu, mbona wao hawavunji? Kesho yake nikatoa kanga, nikabeba kisanduku mgongoni, nikafunga fundo kifuani, nikapanda baiskeli.

Nilipoingia kitongoji cha kwanza bibi mmoja akapiga kigelegele. "Nesi wetu kajifungua sanduku!" Akanipa mkono wa hongera, akauliza mtoto ana kilo ngapi. Tangu siku hiyo kila nilikopita niliulizwa hali ya mtoto, nami nilijibu kwamba hajambo, ananyonya vizuri.

Lakini hakuna kichupa kilichovunjika tena. Sifa zikapanda mpaka wilayani. Nikaitwa kwenye semina, nikasimama mbele ya wauguzi wenzangu, nikaonyesha jinsi ya kufunga kanga, wapi pa kukaza, wapi pa kuacha nafasi ya pumzi. Walipiga makofi, na wengine wakaenda kuiga. Popote mlipo, ninyi mlioiga, naombeni radhi.

Sikujua kosa langu kwa sababu Namswea ilinificha. Kule huendeshi baiskeli, unaisindikiza. Dakika kumi umekaa, dakika arobaini unaisukuma kupanda, na kushuka kwenyewe unateremka kwa miguu ukiishika kama ndama mkaidi, hasa ukiwa na breki moja. Mikono haikupata nafasi ya kuchoka kwa namna moja. Nilikaa miaka tisa hivyo, nikajifunza kusalimia kwa Kimatengo na kula ugali wa kilima kizima, nisipate hata sisimizi mmoja wa ganzi kidoleni.

Kisha nikahamishwa kwenda Ngumbo, ziwani. Nikashuka na baiskeli yangu, na siti yangu iliyoinamia mlima, na kanga yangu, na sifa zangu.

Njia ya mwambao si mlima. Kuna mchanga, kuna vijito na vimadaraja vya magogo, lakini unaweza kukaa juu ya baiskeli saa nzima bila kushuka. Nilifurahi sana. Wiki ya tatu nikaanza kusikia sisimizi wakitembea kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mikono yote miwili. Mwezi wa pili sisimizi wakaondoka, vidole vikaondoka nao. Nilikuwa nashuka kwenye baiskeli, navitazama, naviona vipo, lakini ni kama vya mtu mwingine aliyeniomba nimshikie. Mwandiko wangu kwenye kadi za watoto ukawa wa kuku. Jioni nilishindwa kufungua vifungo vya gauni langu mwenyewe.

Nilifanya kila kitu isipokuwa kufikiri. Nilichua mikono kwa dawa ya baridi, kisha kwa dawa ya moto. Nililoweka kwenye maji ya chumvi. Jirani yangu akasema kuna mtu ananionea wivu kwa ile semina, akanitajia na jina. Mwisho nilimwomba mwalimu wa michezo wa shule ya msingi glavu za golikipa, nikaendesha nazo. Ziliongeza ukubwa wa mikono yangu na vicheko vya watoto, ganzi ikabaki palepale, maana mkono ulionona hivyo inabidi ukaze zaidi ili ushike.

Na nilikuwa nimeshapewa jina. Kule mwambaoni watu hukaa nje, wanaanika dagaa wa usipa, wanashona nyavu, wanapukuchua mahindi, na kila anayepita anasalimiwa na anatakiwa asalimie kwa kuinua mkono. Mimi mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania usukani, nikiuachia naanguka. Kwa hiyo niliwasalimia kwa kuinua kidevu. Waliniita Nesi Kidevu. Walidhani ni maringo ya mtu wa semina.

Siku ninayoiogopa kuiandika ni ya kliniki ya mkoba ya kitongoji cha Mwambani. Nilifika nikiwa na ganzi mpaka viganjani. Niliwapima watoto, nikachanja, nikajikaza, mpaka foleni ikabaki na mama mmoja tu, Fausta. Fausta alikuwa ameteremka kutoka juu milimani, mwendo wa saa mbili na zaidi, akiwa na mwanaye Klaudi aliyetimiza miezi tisa. Ni umri wa chanjo ya surua. Nilikuwa na kichupa kimoja cha surua kilichobaki. Nilikishika kwa vidole vya mkono wa kushoto ili nivute dawa kwa mkono wa kulia, nikageuka kumwambia Fausta amshike mtoto vizuri. Nilisikia mlio miguuni kwangu. Sikukisikia kikinitoka, niwaambie ukweli. Nilikuwa bado nadhani ninacho.

Fausta alitazama vigae, akanitazama mimi. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

"Basi Nesi," akasema, "tutakuja tena mwezi ujao."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kupanda.

Siku ya tatu zikaja habari kwamba kijiji cha ng'ambo ya kilima watoto wawili wametoka vipele vya surua. Nyinyi mnaijua surua, haipigi hodi mara mbili. Sikulala vizuri tena. Nikifumba macho namwona Fausta anapanda mlima na mtoto ambaye mimi ndiye nilipaswa kumkinga.

Habari za kichupa zilimfikia mganga mfawidhi wetu, Tabibu Haule, mtu mpole, mpenda taratibu, anayenyoosha shuka za wodini hata pasipo mgonjwa. Aliniita ofisini, akaniambia nifumbe macho na ninyooshe mikono. Alikuwa na pini.

"Nikikugusa kidole cha mwisho sema."

"Nasikia," nikasema upesi.

"Sijagusa bado, Nesi Zuhura."

Nikafumbua macho. Akaweka pini mezani taratibu. Akaniambia kwamba hawezi kumruhusu muuguzi asiyesikia vidole vyake kushika sindano mbele ya mtoto. Kliniki ijayo ya Mwambani atakuja mwenyewe. Nikiangusha tena kitu, nitahamia kwenye meza ya kuandika kadi, na mkoba wa vitongoji utasimama mpaka aletewe mtu mwingine. Sote wawili tulijua kwamba mtu mwingine haji. Alikuwa ameshaombwa kabla sijafika, ndiye mimi.

Nilikuwa na majuma matatu.

Katika majuma hayo ndipo nilipokutana vizuri na Katekista Otmari. Nilikuwa nikimwona njiani tangu nifike. Alikuwa amekaribia miaka sitini na mitano, anahudumia vigango vitano vya mwambao kwa baiskeli ya zamani kuliko yangu, na keria yake haikukosa mzigo: vitabu vya nyimbo, mkeka, mara jogoo wa mtu aliyeomba apelekewe mwingine. Siku hiyo nilisikia kengele nyuma yangu, nikapisha, akanipita huku akiimba. Mbele kidogo akasimama kunisubiri. Nikashuka, nikaanza kukung'uta mikono kama mtu aliyeshika pilipili.

"Shikamoo Katekista."

"Marahaba mwanangu. Hivi unaendesha baiskeli au unasukuma ukuta?"

Nikamwambia naendesha. Akasema hapana, ananiangalia tangu darajani, mikono imenyooka kama fito, mabega yamepanda masikioni, na uso unazidi kuisogelea kengele. Akaniamuru nipande tena, yeye akashika keria kwa nyuma ili nisiondoke.

"Achia usukani."

"Nitaanguka."

"Nimekushika. Achia."

Nikaachia. Mwili wangu wote ukaenda mbele, na kama nisingeushika upesi usukani, kengele ingenipiga kwenye meno. Katekista akairudisha baiskeli nyuma kidogo.

"Umeona? Hukai kwenye siti wewe. Umekaa kwenye viganja. Mimi nikiachia, nabaki pale pale nilipo, kwa sababu nimekalia makalio aliyonipa Mungu."

Nawaambia, niliona aibu ya kitaalamu. Mimi niliyefaulu mtihani wa mwili wa binadamu, niliyeweza kuchora mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho, karibu kabisa na ngozi, nilikuwa nimeukalia huo mshipa kwa miezi kadhaa, na nikaupaka dawa ya kuchua.

Akainama kuitazama siti. "Na hii aliyeiinamisha ni nani?"

"Mzee Kapinga. Iinamie mlima."

"Mlima uko wapi?"

Nikatazama. Kulia ziwa, kushoto mihogo, mbele mchanga.

"Haya, sasa mteremshe mtoto."

Hapo nikagoma. Nilimweleza habari za vigae vya mwezi wa kwanza, na za semina, na kwamba chanjo si mzigo wa kufungwa kama jogoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kisanduku kile kikijaa barafu kinazidi mtoto wa mwaka, na kila jiwe tunalokanyaga kinanisukuma kwa mbele, nami nakizuia kwa viganja. "Mama anayembeba mtoto anatembea, mwanangu. Hajaning'inia kwenye chuma."

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika tano. Alikuwa na haki, na ile ilikuwa sifa yangu ya pekee duniani.

Kazi tuliifanya kwenye ua wa nyumba yake, nami nawaelezea kwa kituo kwa sababu hii ndiyo ile spana niliyomwambia Neema ameze. Kwanza siti. Tulilegeza nati yake, tukailaza sawasawa. Katekista alikuwa anakadiria kwa jicho, mimi nikatoa chupa ya dripu yenye maji nusu, nikailaza juu ya siti mpaka maji yakatulia bila kukimbilia upande wowote. Alikubali kwamba serikali nayo ina akili zake. Kisha urefu: ukikaa, kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini kabisa, goti linyooke bila kiuno kuyumba. Kisha umbali. Aliniambia niweke kiwiko kwenye pua ya siti na ninyooshe mkono mbele. Ncha za vidole zilitakiwa ziuguse usukani. Zilipungua shibiri nzima. Tukaisogeza siti mbele, tukaupandisha na usukani vidole vitatu, tukagonga kwa jiwe mpaka ukatii.

Baada ya hapo mikono. Viwiko vilegee, vikunjike kidogo, njia ikirusha wewe usirushwe. Kiganja kisivunjike kwenye kifundo, kilale sawa na mkono. Na usikabe. "Shika kama unavyoshika kifaranga," akasema, "asitoroke na asife." Mwili ubebwe na kiuno na miguu, mikono iwe ya kuonyesha njia tu.

Kilichobaki ni kisanduku. Mke wa Katekista, aliyekuwa anatutazama akimenya mihogo na hakuwa ametia neno, akaingia ndani akatoka na ngata, ile kata ya majani makavu ya mgomba tunayoweka kichwani kubebea ndoo. Akaiweka juu ya keria, akakalisha kisanduku juu yake, akarudi kwenye mihogo yake. Wataalamu wawili tukatazamana. Kichwa cha mwanamke kinabeba ndoo kutoka mtoni bila kumwaga, kwa nini keria ishindwe?

Lakini sikuwa tayari kujaribu kwa chanjo. Nilijaribu kwa mayai. Jumatatu nilifunga kisanduku kwa vipande vya tyubu, ndani mayai manane, nikaenda mpaka daraja la pili na kurudi. Yakapona mawili. Jumanne nikaongeza ngata ya pili, nikayazungushia vitambaa ndani, yakapona matano. Jumatano nikagundua nimekaza tyubu mno, kisanduku kinapaswa kupumua kidogo. Alhamisi yalirudi yote manane, nikayatoa moja moja mbele ya Katekista nikiyahesabu kwa sauti. Nyumbani kwangu wiki ile tulikula mayai asubuhi na jioni, na jirani yule wa wivu akabadili mawazo, akasema sasa nimepata fedha za siri.

Vidole vilirudi polepole. Sisimizi walitangulia, nikawakaribisha kama wageni wa heshima. Hata hivyo bado nikiendesha muda mrefu ganzi ilinipitia, nikamshtakia Katekista kwamba dawa yake ina upungufu.

"Unasalimia watu?" akauliza.

Nikainua kidevu kumwonyesha.

"Ndiyo maana. Mimi kutoka hapa mpaka kigango cha mwisho nasalimia labda watu mia. Kila shikamoo mkono unatoka kwenye chuma, unapanda, unashuka. Unadhani ni adabu tu? Ni dawa."

Nikamuuliza na mkono wa kushoto je, maana nikimsalimia mzee kwa kushoto nitahamishwa mkoa. Akacheka. Wa kwake wa kushoto ulikuwa na rozari, akihesabu punje pajani kila penye mchanga mzuri. Mimi Mwislamu, nikasema sina rozari, na nikikutwa nayo Manyoni watanikalisha kikao. "Basi wa kushoto upeleke nyuma," akasema, "umguse mtoto kama bado yupo." Kuanzia hapo nikawa nasalimia kwa kulia, na kila baada ya muda mkono wa kushoto unakwenda nyuma kupapasa kisanduku. Watu wa mwambao walishangaa Nesi Kidevu ameota mkono. Wazee wawili walisimama wima kunijibu. Nilikuwa nimekaa nao miezi minane ndipo tukafahamiana.

Ilipofika siku ya Mwambani niliondoka mapema na Tabibu Haule akiwa nyuma yangu kwa baiskeli aliyoazima kwa mtendaji wa kijiji. Hakuwa mzoefu. Nilimsikia akihema kwenye mchanga, na kila nilipoinua mkono kusalimia yeye aliinua kidevu. Nilitaka kumwambia, lakini nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayefanyiwa mtihani, nikaendelea na safari yangu.

Tulifika. Akina mama walikuwa wamejaa, maana habari za surua zilishazagaa. Nilipitisha macho kwenye foleni kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikarudia. Fausta hakuwepo. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba alimkuta sokoni, na alikuwa hajaamua, saa mbili za kushuka na saa tatu za kupanda ni nyingi kwa kichupa kitakachoanguka. Nikafungua kisanduku. Vichupa vyote vilikuwa vizima.

Tabibu Haule alikuwa amesimama kando anakung'uta mikono.

"Vidole vinanichoma," akaninong'oneza. "Hebu nifungulie hii chupa ya maji."

Nikamfungulia. Akanywa, akanitazama vidole vyangu, akatazama vyake, akaenda kukaa kwenye meza ya kadi bila kuambiwa na mtu.

Nilichanja asubuhi yote. Nilivunja shingo za vichupa vya maji ya dawa, nikachanganya, nikavuta, nikahesabu, bila kuangusha hata pamba. Nilipaswa kufurahi, na kila baada ya mtoto mmoja nilitazama njia ya mlimani. Adhuhuri foleni ikaisha. Kilibaki kichupa kimoja nilichokwisha kukichanganya, nacho hakilali, muda wake ukipita unakimwaga. Tabibu akasema tufunge. Nikamwambia bado. Akasema kwa taratibu kliniki imekwisha. Nikamwambia, "Tabibu, naomba uandike kwamba Nesi ameacha kufuata taratibu kwa muda." Alifikiri, akavuta kadi nyingine akaanza kuipangusa vumbi.

Alitokea kwenye kona ya mihogo, Fausta, kanga imelowa jasho, amekunja uso kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Nikainua mkono wote juu kumsalimia, hata yeye akashangaa. Alikaa kwenye benchi, akamtoa Klaudi mgongoni. Mtoto alikuwa mzima, hana homa wala kipele. Mama yake alikuwa anatazama mikono yangu tu, na sikumlaumu.

Nilishika kichupa kwa mkono wa kushoto. Nilikisikia, baridi yake, mviringo wake, na maji ya barafu yakitiririka chini ya kidole cha mwisho. Nikavuta dawa. Nikaubana mkono wa mtoto, nikachoma, nikatoa. Klaudi alivuta pumzi ndefu ya wale wanaojiandaa kupiga kelele zitakazofika ziwani, akazipiga, na katika kurusharusha mikono akakidaka kidole changu kidogo cha kushoto, akakikaba kwa nguvu zake zote za miezi kumi.

Kiliniuma. Niliusikia ukucha wake, joto la kiganja chake, na kila kidole kimoja kimoja kikinibana. Machozi yakanitoka, nami sikuwa na mkono wa kuyafutia.

"He, Nesi!" Fausta akasema. "Aliyechomwa ni mtoto. Wewe unalia nini?"

"Ananiumiza," nikamjibu.

Akataka kumbandua. Nikamwambia amwache, sina haraka. Tukakaa hivyo, Fausta akicheka, mtoto akilia, Tabibu ameshika kadi, mpaka Klaudi alipochoka akaniachia mwenyewe.